Kumlipia Baba Deni: Safari ya Arobaini, Tabora hadi Ujiji

Siku ya kwanza, Jumatano. Tabora

Baba yangu alifariki alfajiri akazikwa baada ya Alasiri siku hiyohiyo, Ujiji, na mimi mwanawe wa kwanza nilikuwa Tabora nafundisha hesabu darasa la sita. Simu yangu ilikuwa imezimika usiku kwa kuisha chaji. Nilipoiwasha saa mbili na nusu asubuhi nikakuta baba mdogo amepiga mara kumi na moja. Kwa barabara, kutoka hapa hadi Ujiji ni mchana mzima, hata ukipata gari papo hapo. Maiti haicheleweshwi. Nikamwambia baba mdogo kwa mdomo wangu mwenyewe, "Msinisubiri, baba. Mzikeni." Nilishuka kwenye gari Isha imeshaswaliwa, nikakuta turubai, majamvi, na udongo mwekundu umeganda kwenye viatu vya watu waliotoka makaburini.

Kila mfiwa ana jambo linalomkaa rohoni. Baba alikuwa na miaka sabini na moja, aliugua, tukamuuguza, Mwenyezi Mungu akamchukua mja wake; hilo nimelikubali. Lililonikaa ni kwamba mtoto wa kiume wa kwanza hushuka kaburini kumpokea baba yake, na mimi sikushuka.

Jumamosi hii ni arobaini. Nimeomba ruhusa kazini, na safari hii sikutaka basi. Nimekata tiketi ya treni, daraja la pili kukaa, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa reli. Hakuwa dereva wala stesheni masta. Alikuwa wa gengi, wale watu wanaoishi kwenye vinyumba vya kando ya reli huko porini, kila gengi na kipande chake cha njia, kazi yao kukitunza. Aliajiriwa 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, akastaafu 2014. Karibu miaka yote hiyo aliitumia kati ya Nguruka na Uvinza, na sisi nyumbani tulimpata siku mbili tatu kila mwisho wa mwezi.

Nina mzigo mwingine pia. Siku ya tatu ya matanga, baada ya baba mdogo kusimama na kuuliza kama kuna anayemdai marehemu, Mama alitoka chumbani na daftari la Baba, lile la jalada la bluu lililofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukurasa wa katikati ameandika kwa herufi zake kubwa zilizosimama: "2003. Nimekopa 70,000 kwa mwenzangu wa gengi, karo na godoro la mtoto. Nimelipa 30,000. Bado 40,000." Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa naingia kidato cha kwanza, bweni. Godoro lenyewe nalikumbuka, la rangi ya kijani, nililala juu yake miaka minne bila kujua limetoka wapi.

Uhamisho uliwatenganisha Baba na mwenzake, halafu kustaafu, halafu maradhi. Mama hakulala vizuri tangu tulione lile neno "bado". Akaniambia arobaini isisomwe deni likiwa shingoni mwa mume wake. Nikamtafuta huyo mzee kwa wastaafu wa reli hapa Tabora, nikapata namba ya bintiye. Yuko hai, yuko Nguruka.

Jioni nimepita sokoni nikanunua asali, chupa mbili. Shehe niliyemuuliza aliniambia deni hulipwa kama lilivyokopwa, na ukiongeza zawadi kwa hiari yako ni vyema. Asali ya Tabora inatoka kwenye miombo, nyeusi kidogo, nzito. Ukiigeuza chupa povu linapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Sasa niko stesheni. Jengo hili la Wajerumani limekaa hapa tangu reli ilipofika Tabora, 1912. Kuelekea kaskazini njia inakwenda Mwanza, kuelekea magharibi inakwenda kwetu. Watu wamelala juu ya mabegi. Treni tuliyotarajia usiku imesemwa itafika alfajiri, na mimi nafsi yangu imefurahi, maana kumbe nitaipita njia ya Baba mchana.

Siku ya pili, Alhamisi. Ndani ya treni

Tumeondoka jua linachomoza. Usoke, kisha Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, yamesimama mashambani. Dirishani wanauza karanga na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Nimenunua matobolwa ya mia tano, nimeyatafuna hadi Kaliua, ambako reli ya Mpanda inachepuka kwenda kusini.

Baada ya Kaliua watu walinyamaza, wengi wamelala, na ndipo nilipoanza kusikiliza. Reli ya zamani imeunganishwa kipande kwa kipande, na kila kiungo gurudumu likipita linagonga: ta-ta, ta-ta. Nilipokuwa na miaka minane Baba alinichukua likizo nikakae naye gengini, karibu na Malagarasi. Alinionyesha kwamba pale kwenye kiungo huachwa upenyo mdogo, wa kuingia ukucha, kwa sababu jua likiwaka chuma kinarefuka na kisipopata pa kwenda reli inapinda kama nyoka. Asubuhi alitoka na nyundo, spana ndefu na bendera mbili, nyekundu na ya kijani, mimi nyuma yake. Akigonga boliti. Iliyokaza ililia kavu, "teng". Iliyolegea ilitoa sauti kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Akisikia hivyo anainama, anakaza kwa uzito wa mwili mzima, anagonga tena, anasikiliza, ndipo anasogea. Hakuruka hata moja. Nilimuuliza, "Baba, hii si uliigonga jana?" Akasema, "Jana ilipita treni." Basi. Hakuwa mtu wa maelezo.

Na hapa kuna jambo ambalo nimelielewa leo tu, nikiwa nimekaa dirishani nikitazama mataruma, yale yanayolazwa kukingama chini ya reli, yanavyokimbia chini ya macho yangu. Baba alikuwa na mwendo wake. Hatua fupi, sawasawa, haongezi wala hapunguzi, hata akienda msikitini amechelewa. Mama alimtania kwamba anatembea kama bwana harusi. Sisi watoto tulidhani ni tabia tu. Kumbe mataruma yamepangwa karibukaribu: ukikanyaga kila taruma hatua ni fupi mno kwa mtu mzima, ukiruka moja ni ndefu mno. Yeye alichagua fupi. Miaka thelathini na tano akakanyaga kila taruma, ili asipitwe na boliti, na miguu ikazoea hivyo hadi barazani kwetu Ujiji, hadi njia ya kisimani, hadi mwisho alipokuwa anashikwa mkono kwenda chooni. Nimelia hapo. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu na mtoto mgongoni hakuniuliza kitu, alinisogezea kikombe cha chai.

Usinge. Nyasi, vichuguu, miombo, vinyumba viwili vya gengi vimebomoka paa.

Nguruka tumefika saa nane mchana. Nilikuwa nimeshasimama mlangoni tangu treni inapunguza mwendo. Pale stesheni wachuuzi wamejipanga na samaki wa Malagarasi, kambale waliokaushwa wamekunjwa mkia mdomoni, na katikati yao nikamwona mzee mmoja ameketi juu ya kigoda, fimbo mapajani, amevaa koti la kazini la zamani ambalo rangi yake imebaki kwenye mikunjo tu. Bintiye akaninyooshea kidole. Nikapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa godoro?"

Sikuweza kujibu. Nikatoa bahasha kwa mikono miwili, nikamwambia niliyotumwa na Mama: tunakulipa deni la marehemu, shilingi elfu arobaini, na tunakuomba radhi kwa kuchelewa. Nilijiandaa kwamba atakataa. Wazee wengi wangekataa, wangesema yamepita hayo mwanangu. Yeye aliifungua bahasha, akazitoa noti za elfu tano, akazihesabu moja moja juu ya goti, nane, akalowesha kidole akazihesabu tena. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, hata wauza samaki wakageuka: "Nimepokea. Simdai kitu. Na huko kuchelewa nimesamehe, duniani na akhera." Akanivuta sikio langu karibu: "Ningekukatalia ningekuwa nimemfunga. Nenda ukamwambie mama yako."

Chupa za asali alizipokea na kuzikumbatia. Aliniambia upesiupesi, maana honi ilishapiga, kwamba wakati wa mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998, walikaa wiki nyingi wakibeba mawe kuzuia tuta lisiliwe na maji, wanalala juu ya kiberenge chini ya turubai moja, na kwamba Baba alikuwa anampa yeye upande wa katikati usioingia mvua. Miezi ile naikumbuka kwa upande wa nyumbani. Baba hakuja mwisho wa mwezi, Mama akauza kanga zake mbili, mimi nikamkasirikia Baba kimoyomoyo kwa kutotujali. Nilikuwa mtoto. Treni ilianza kwenda, nikapanda mbiombio. Yule mzee alisimama, na badala ya kunipungia mkono alinyoosha fimbo yake wima mbele yake, akaishikilia hivyo hadi behewa la mwisho likapita. Hivyo ndivyo watu wa gengi husimama na bendera ya kijani: njia iko salama, pita.

Malagarasi tumeuvuka jua linaanza kulegea. Mto mpana wa kahawia, mafunjo pande zote, ndege weupe. Mabwawa haya na ya Moyowosi yaliingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zinazolindwa duniani mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania. Baba alilijua eneo hilo kwa mbu wake na kwa viboko waliokuwa wanapanda tutani usiku.

Uvinza giza limeingia. Wameuza chumvi dirishani, nami nimenunua kifuko, kwa sababu Baba hakuwahi kuja nyumbani bila chumvi ya Uvinza. Watu wamechemsha chumvi pale kutoka chemchemi za maji ya munyu kwa zaidi ya miaka 1,000, na kwetu ilikuwa ishara: tukisikia mlangoni kitu kizito kimetuliwa chini, taratibu, tunajua ni yeye.

Kazuramimba, Luiche. Kiha kimejaa behewa zima. Kigoma, mwisho wa reli, tumeshuka saa tano na ushei usiku.

Siku ya tatu, Ijumaa. Ujiji

Mama yuko eda, kwa hiyo nilimkuta chumba cha ndani, kitenge cheupe, tasbihi mkononi. Nilipotoa shikamoo hakuitikia kwanza. Aliuliza, "Umempa?"

"Nimempa, Mama."

"Amehesabu?"

"Mara mbili."

"Amesemaje? Sema neno kwa neno."

Nikamsimulia, neno kwa neno. Akaitikia marahaba baada ya hapo, kisha akageukia ukutani akakaa muda mrefu. Nilipotoka nilisikia anacheka kidogo peke yake, anasema, "Mara mbili. Ndivyo walivyo hao."

Shangazi alikuwa ameshanipikia ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka wa mawese. Sikupewa nafasi ya kusema nimeshiba.

Baada ya swala ya Ijumaa nilikwenda makaburini na baba mdogo. Ujiji ni mji wa zamani, watu wa misafara walishukia hapa kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na wageni wanaokuja huletwa kuonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone, 1871, penye miembe. Tulipita karibu na hapo. Mimi nilikuwa natazama chini. Kaburi la Baba lina majani mawili matatu yameota upande wa miguuni, na jiwe la kawaida kichwani. Tulisoma Yasini tumechuchumaa. Baada ya dua nilimuuliza baba mdogo jambo ambalo siku zile za matanga nilishindwa kuliuliza.

"Walishuka nani?"

"Tulishuka watatu. Mimi miguuni. Kiunoni mwalimu wa madrasa. Kichwani tulitaka damu yake, wewe haupo, mdogo wako yuko ziwani na simu haishiki. Akajitokeza yule kijana wa jirani, wa nyumba ya mwembe. Alisema yeye atampokea."

Namfahamu kijana huyo kwa mbali. Nilipohama Ujiji alikuwa mtoto wa kukimbiza tairi. Siku hizi ni mvuvi wa dagaa, yuko Kibirizi.

Siku ya nne, Jumamosi. Arobaini

Hitima imesomwa asubuhi. Juzuu zimegawiwa, kila mtu na yake, sauti zimepandana ndani ya ukumbi mdogo hadi huwezi kutofautisha ya nani ni ipi. Ubani, pilau, mbuzi wawili, watoto wa madrasa wamekula hadi wakasinzia. Baba mdogo alitangaza kwamba deni lililokuwepo limelipwa na mdai amesamehe, na wazee waliitikia alhamdulillahi kwa pamoja. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Niliona pazia limetikisika.

Nguo za Baba zimegawanywa. Mimi nimechukua spana.

Siku ya tano, Jumapili. Kibirizi

Nimeamka mapema nikapanda bajaji hadi Kigoma mjini, kisha nikashuka Kibirizi. Njiani bandari inaonekana kwa chini. Baba alipenda sana kutuleta hapa kutazama Liemba, na kila mara alirudia habari zake kana kwamba ni za ukoo wetu: meli hiyo iliundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli ije iunganishwe hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 vitani, ikaopolewa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Wengine hupenda kusimulia habari ya kuzama na kuibuka. Yeye alinyoosha kidole akasema, "Meli hii imepita juu ya reli." Alitaka tujue kwamba hata kitu kikubwa kiasi kile, chini yake palikuwa na watu waliokaza boliti.

Kibirizi boti zilikuwa zinaingia. Usiku haukuwa na mwezi, taa zimefanya kazi, dagaa wamejaa. Wanawake wameshaanza kuwamwaga kwenye vichanja, wakiwatandaza kwa viganja, na ufuo mzima unang'aa. Nilimkuta kijana wa jirani amesimama majini hadi magotini, anapokea ndoo kutoka kwenye boti. Aliponiona alijua. Alimpa mwenzake ndoo, akatoka majini akijifuta mikono kwenye kaptula.

"Shikamoo kaka. Pole tena na msiba."

"Marahaba mdogo wangu. Nimeshapoa. Nimekuja kukushukuru, ulisimama mahali pangu."

Akainamisha kichwa. Akasema mzee ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, pale uwanjani, akiikimbilia kwa nyuma na zile hatua zake fupi, ameshika kiti. Hilo sikulijua. Baada ya kustaafu, mimi nikiwa Tabora, Baba alikuwa amepata muda.

Nilimwomba anieleze. Nilimwambia sihitaji mengi, nataka tu kujua ilikuwaje. Alitazama kulia na kushoto kama mtu anayeona haya, watu wanapita na matenga vichwani. Kisha akafungua miguu kidogo, akainama kama yuko ndani ya shimo jembamba, akanyoosha mikono miwili mbele yake, viganja juu.

"Walimshusha hivi. Mzee alikuwa mwepesi sana, kaka. Nikampokea kichwa kwa mkono huu, bega kwa huu. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia. Nikafungua kamba ya sanda ya kichwani, ilikuwa imekaza kidogo, nikaifungua taratibu. Halafu nikafunua shavu, nikaliweka kwenye udongo."

Kiganja chake cha kulia kilibaki hapo hewani, kimekunjwa kidogo, kina magamba ya dagaa. Nami nikaweka changu chini yake.